Wakisema wanapunguza siku za watalii, wanapunguza kitu gani hasa?

Kila baada ya miezi kadhaa inazunguka skrinshoti kwenye magrupu ya WhatsApp, nchi fulani imepunguza siku za watalii, zamani ilikuwa miezi sita sasa ni mwezi mmoja tu, mwambie na mwenzako. Mimi kazi yangu ni ushauri wa mambo ya viza na uhamiaji, kwa hiyo haipiti saa simu imeshajaa. Mmoja mama yake anasafiri wiki ijayo, mwingine ashakata tiketi ya kurudi baada ya miezi mitano, mwingine hana safari yoyote ila kapaniki tu kwa niaba ya wenzake. Na mimi swali langu la kwanza ni lile lile siku zote: kilichopunguzwa ni kipi? Hapo kimya, maana skrinshoti haisemi.

Iko hivi. Kwenye viza ya utalii kuna muda wa aina tatu na watu wanazichanganya zote wanaita "siku za viza". Kuna uhai wa viza yenyewe, ile deti iko kwenye stika kwenye paspoti, inakwambia mwisho wa kufika mpakani na kuomba kuingia ni lini. Kuna kiwango ambacho sheria ya nchi inaruhusu mtalii akae, labda siku 30, labda 90, labda miezi sita. Halafu kuna deti ambayo afisa kakupa wewe, siku ile umesimama mbele ya dirisha lake na begi lako. Serikali inaweza kugusa kimoja ikaacha viwili, na hiki cha tatu ndicho kinachokuhusu kuliko vyote lakini ndicho ambacho karibu hakuna anayekiandikia habari, kwa sababu hakina tangazo.

Mfano mmoja. Julai 2025 Marekani ilitangaza kwamba viza nyingi zisizo za uhamiaji kwa raia wa Nigeria, Ghana, Ethiopia na Cameroon zitakuwa za kuingia mara moja na uhai wake ni miezi mitatu. Mitandaoni ikaandikwa Waafrika sasa hawaruhusiwi kukaa Marekani zaidi ya miezi mitatu. Sio kweli, hicho hakikuguswa. Kilichoguswa ni uhai wa stika na idadi ya kuingia. Kisheria mtu angeweza kutua siku ya mwisho ya ile miezi mitatu na bado akapewa miezi sita ya kukaa. Ni pigo kweli, maana kila safari inakuwa ni ada upya, foleni upya, intavyuu upya, lakini ni pigo la aina nyingine na dawa yake ni nyingine. Ghana wakarudishiwa viza za muda mrefu Septemba mwaka huo huo baada ya mazungumzo, ndio ujue kwamba haya mambo ya uhai wa viza mara nyingi ni kulipizana na kubembelezana baina ya serikali, wewe msafiri uko katikati tu.

Ulaya ya Schengen, yaani zile nchi zinazotumia viza moja ya pamoja, nayo ina mtego wake. Stika yao ina deti mbili, kuanzia na hadi, halafu kuna sehemu ya idadi ya siku. Unakuta kuanzia hadi ni mwezi na nusu, siku ni 20. Mtu anasoma zile deti anafurahi, anakaa mwezi na nusu, kumbe ameshapitiliza kitambo. Zile deti ni dirisha, wewe ruhusa yako ni siku 20 ndani ya hilo dirisha na siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Hata ukitua saa tano na nusu usiku, hiyo ni siku.

Turudi Marekani kwa sababu huko ndiko kuna kisa ambacho huwa nawasimulia wateja wakija na skrinshoti zao. Kanuni yao ya viza ya utalii, B-2, inasema mgeni akishakubaliwa kuingia apewe angalau miezi sita, hata kama yeye mwenyewe ameomba kidogo. Ndio, angalau. Ukimwambia afisa nimekuja wiki mbili, kwa kanuni anatakiwa akupe miezi sita, na kukupunguzia ni jambo la mtu mmoja mmoja, kwa sababu maalum na idhini ya mkubwa wake. Kiwango cha juu ni mwaka. Wengi hawaamini mpaka niwaonyeshe ukurasa. Na ni kwa wa B-2 tu, mwenye B-1, yaani wa biashara, hana hiyo bahati, yeye anapewa muda unaotosha shughuli yake. Stika nyingi zimeandikwa B1/B2 kwa pamoja lakini pale mpakani unaingizwa kwa daraja moja tu, B-1 au B-2, kwa hiyo unachojibu ukiulizwa umefuata nini kina uzito.

Sasa mwaka 2002, tarehe 12 Aprili, idara ya uhamiaji ya wakati ule, INS, ilichapisha pendekezo la kufuta hiyo miezi sita. Walitaka mgeni apewe muda unaolingana na safari yake, jukumu la kueleza liwe lake yeye mgeni, na pale ambapo haieleweki amekuja kukaa muda gani, apewe siku 30. Kiwango cha juu kishuke kutoka mwaka hadi miezi sita. Na kuongeza muda kuwe ni kwa mambo ya kushtukiza au ya kibinadamu, kama ugonjwa.

Kwa nini Aprili 2002? Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka. Mohamed Atta na Marwan al-Shehhi, wawili kati ya wale wa Septemba 11, walikuwa wameingia kama wageni wa kawaida, wakaanza kusomea urubani Florida, wakaomba kubadilishiwa hadhi wawe wanafunzi. Maombi yakakubaliwa, na Machi 2002, miezi sita baada ya wao kufa kwenye zile ndege, barua za kuthibitisha hicho kibali zikafika kwenye chuo cha urubani pale Venice, Florida. Ilikuwa aibu ya karne kwa INS. Mwezi mmoja baadaye kanuni mpya zikatoka.

Hapa ndio pa kutulia kidogo. Siku ile ile ya tarehe 12 Aprili zilitoka kanuni mbili, sio moja. Ya kwanza ilisema mgeni wa utalii haruhusiwi kuanza masomo mpaka kwanza abadilishiwe hadhi, na hiyo ilianza kufanya kazi palepale, bila kusubiri maoni ya mtu. Ya pili, ya siku 30, ilitoka kama pendekezo, wananchi watoe maoni kwanza. Maoni yakaja kwelikweli. Watu wa mahoteli na mashirika ya utalii wakapiga kelele, wazee wa nje wenye nyumba zao Florida ambao huenda kukwepa baridi miezi mitano mitano wakapiga kelele zaidi. Machi 2003 INS yenyewe ikavunjwa, kazi zake zikagawanywa kwenye vyombo vitatu chini ya wizara mpya ya usalama wa ndani. Pendekezo la siku 30 halikuwahi kukamilishwa, na ile miezi sita iko kwenye kitabu mpaka leo. Magazeti ya wakati ule yaliandika kama vile imeshapita. Kuna watu walikatisha safari zao kwa kanuni ambayo haikuwahi kuwepo, na kuna waliojiandikisha shule wakiwa na viza ya utalii wakaingia matatizoni kwa kanuni iliyoanza siku ile ile na hawakuisikia kabisa kwa sababu kelele zote zilikuwa kwenye zile siku 30.

Kwa hiyo ukiona habari, angalia kitenzi. Inapendekeza, inafikiria, imekubali kimsingi, imeidhinisha, imechapishwa, inaanza tarehe fulani. Kati ya "inapendekeza" na "inaanza" inaweza kupita wiki, inaweza kupita miaka, inaweza isifike. Na pendekezo likikwama usidhani limekufa, mara nyingi limelala tu. Ile ya wanafunzi wa kigeni Marekani, ya kuwawekea ukomo wa miaka badala ya kukaa mpaka masomo yaishe, ilipendekezwa Septemba 2020, ikaondolewa 2021 serikali ilipobadilika, ikarudi tena Agosti 2025. Hata hiyo ya siku 30 za watalii mimi sitashangaa siku moja ikifufuka na tarehe mpya juu yake.

Thailand ni darasa lingine zuri. Mwisho wa Mei 2024 baraza la mawaziri likaidhinisha wageni wa nchi 93 waingie bila viza na kukaa siku 60, wakati kabla ya hapo wengi wao walikuwa na 30. Dunia nzima ikaandika siku 60, siku 60. Kuanza rasmi ilikuwa tarehe 15 Julai. Sasa wewe umesoma habari Mei, umekata tiketi, umetua Juni na hoteli ya siku 50, afisa anakugongea 30 kwa sababu kanuni anayoitumia ni ile ya siku uliyotua, sio ile uliyosoma. Huko angalau waliweza kwenda ofisi ya uhamiaji kuongeza siku 30 kwa baht 1,900, kwa hiyo haikuwa msiba. Haukupita hata mwaka, mapema 2025, mawaziri wenyewe wakaanza kusema wanataka kuirudisha kwenye 30, sababu ikiwa kwamba kuna wageni wanatumia siku 60 kufanya kazi na biashara bila kibali, na wengine wanapangisha kondo kinyume cha sheria.

Lakini kilichonivutia mimi sio hizo kauli za mawaziri. Ni kwamba Novemba 2025, namba kwenye karatasi ikiwa bado ni 60, idara ya uhamiaji ya huko ikatangaza kuwabana wale wanaotoka mpakani na kurudi ili wahesabiwe upya, kwamba anayefanya hivyo mara kwa mara bila maelezo ya kueleweka anaweza kurudishwa. Umeona? Siku hazikuwa zimepunguzwa hata moja na wakati huo huo kwa mtu aliyekuwa anaishi pale kwa mtindo wa kutoka na kurudi, siku zake zimekwisha. Hiyo ndiyo namna nchi nyingi zinavyopunguza muda siku hizi, namba haiguswi. Haihitaji bunge, inatosha afisa kuambiwa aulize maswali mawili ya ziada.

Uingereza ni hivyo hivyo miaka yote. Mgeni anaruhusiwa hadi miezi sita kwa ziara, hata kama viza yake ni ya miaka kumi. Hakuna mstari unaosema huwezi kutoka ukarudi baada ya wiki mbili. Ila kuna maneno kwenye kanuni kwamba usiwe unaishi huko kwa ziara za kufululiza na kuifanya ndio makazi yako, na hayo maneno hayana namba. Afisa anaangalia mihuri, anajumlisha kichwani, anaamua. Mtu anabishana "lakini viza yangu bado ina miaka saba". Ni kweli, ina miaka saba, na leo unarudi na ndege uliyokuja nayo.

India walijaribu kuandika kabisa. Mwishoni mwa 2009, baada ya sakata la David Headley ambaye alikuwa anaingia na kutoka India akifanya upelelezi wa mashambulizi ya Mumbai, wakaweka sharti kwamba mwenye viza ya utalii akitoka asirudi mpaka ipite miezi miwili. Waliogongwa sasa, watalii wa mzunguko. Mtu kapanga India, Nepal, kurudi India kupanda ndege ya nyumbani, anaambiwa asubiri miezi miwili. Sharti likalegezwa 2012 kwa karibu wote. Vietnam nao wameenda upande wa pili kabisa, Agosti 2023 viza yao ya onlaini ikapanda kutoka siku 30 hadi 90, na wale wa baadhi ya nchi wanaoingia bila viza kutoka siku 15 hadi 45. Kwa hiyo sio kila mabadiliko ni kubana. Nchi ikitaka pesa za watalii inaongeza, ikipata kashfa inapunguza, halafu watu wa hoteli wanalia inaongeza tena.

Maoni yangu binafsi, na najua kuna wenzangu kwenye hii kazi hawakubaliani nami: kupunguza siku hakumzuii yule wanayetaka kumzuia. Mtu aliyepanga kutorudi kwao hajali kama kapewa siku 30 au 180, tofauti pekee ni kwamba atakuwa haramu mapema zaidi. Mtalii wa kawaida naye haguswi, anakaa siku kumi, wiki mbili, anarudi kazini. Anayeumia ni wa katikati. Mama anayekwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua, ambaye mwezi mmoja haumtoshi hata kuzoea saa za huko. Mgonjwa ambaye daktari anampa apointimenti tatu zilizoachana wiki nane. Mstaafu. Mtu mwenye msiba na mirathi. Hawa ndio wanaotumia ile miezi sita kihalali na ndio ambao hawana chama cha kuwapigia kelele. Na serikali yenyewe inajitengenezea mafaili, maana ukimpa mtu siku 30 na shida yake ni ya siku 70, atakuja dirishani kuomba nyongeza, zidisha kwa mamilioni.

Kinachozuia ni kujua nani katoka. Na hapo ndipo mabadiliko makubwa yanapofanyika sasa hivi, watu wanahangaika na skrinshoti za siku 30 wakati mipakani zinawekwa mashine. Ulaya mfumo wao wa kurekodi kuingia na kutoka, EES, ulianza tarehe 12 Oktoba 2025 kwa awamu kwenye nchi 29, wanachukua picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri, na mpango ulikuwa ukamilike tarehe 10 Aprili 2026. Kanuni ya siku 90 ndani ya 180 haikubadilika hata kidogo. Ila zamani afisa alikuwa anafungua kurasa za paspoti anatafuta mihuri iliyofifia anahesabu kwa vidole, wengine walikuwa wanapita hata wakiwa wamezidisha siku tatu nne. Kompyuta haina hiyo huruma. Marekani nao, Congress iliagiza mfumo wa kufuatilia wanaoingia na kutoka tangu 1996, ikachukua karibu miaka 30, na Desemba 2025 ndio ikaanza kutumika kanuni ya kuwapiga picha wageni wote wakiingia na wakitoka.

Kwa vile nimeitaja hiyo 90 ndani ya 180 ngoja niimalize, naulizwa sana. Sio nusu mwaka wa kalenda, na haianzi upya Januari. Kila siku unayokuwa ndani, unarudi nyuma siku 180 ukijumlisha na hiyo ya leo, unahesabu ulikuwa ndani siku ngapi, isizidi 90. Tuseme una viza inayokuruhusu hizo 90 zote na ulikaa tarehe 1 hadi 31 Machi, hizo ni siku 31. Unarudi tarehe 10 Agosti. Siku hiyo dirisha linaanzia 12 Februari, kwa hiyo Machi yote imo, mtu anatoa anapata 59, anakata tiketi ya kurudi baada ya siku 59. Lakini ukiendelea kukaa, dirisha linasogea na wewe, kuanzia tarehe 28 Agosti siku za Machi zinaanza kudondoka moja moja, na tarehe 27 Septemba zimeisha zote. Ukweli ni kwamba ukikaa mfululizo kuanzia 10 Agosti una siku 90 kamili. Kuna kikokotoo cha Tume ya Ulaya cha bure kabisa, ingiza deti zako, usihesabu kwa kichwa na usimwachie wakala akuhesabie.

Haya, tuseme sasa mabadiliko ni ya kweli, yamechapishwa, yana tarehe. Swali linalofuata ni yanamshika nani. Kwa kawaida kipimo cha siku za kukaa kinafuata tarehe uliyoingia. Ukiwa umeshaingia na umeshapewa deti yako, kanuni mpya ikianza wiki inayofuata, ile deti yako inabaki. Ila chunga nyongeza, hiyo inaweza kukupata. Ombi la kuongeza muda ni ombi jipya na linaweza kupimwa kwa kanuni iliyopo siku unayoliwasilisha. Kwa hiyo kama uko ndani na unajua utahitaji nyongeza na umesikia kuna kanuni inakuja, usisubiri wiki ya mwisho. Marekani wanashauri upeleke fomu ya I-539 angalau siku 45 kabla ya deti yako kuisha, na isipofika kabla haijaisha umekwama.

Kingine ambacho wengi hawakiangalii ni rekodi yenyewe. Marekani hiyo deti ya mwisho wa kukaa iko kwenye I-94, yaani rekodi ya kuingia kwako, na kwa wanaoingia kwa ndege au meli tangu 2013 ni ya kielektroniki, hupewi kikaratasi. Iko kwenye tovuti ya CBP, idara yao ya forodha na mipaka, unaingiza namba ya paspoti unaiona. Fanya hivyo siku ya pili tu baada ya kufika, sio mwezi wa tano. Makosa ya kuandika yapo na yanarekebishika ukiwahi. Na kuna hili la paspoti: kama paspoti yako inaisha baada ya miezi minne, afisa anaweza kukukatia I-94 kwenye tarehe hiyo hiyo ya paspoti. Nimeona familia imeingia pamoja, baba, mama na mtoto, wawili wana miezi sita na mmoja ana miezi mitatu, na wanakuja kugundua wakiwa wameshapitiliza. Wakaanza kuulizana kama kuna sheria mpya. Hamna sheria mpya, ni paspoti ya mtoto tu, ilikuwa inaisha.

Canada ni kinyume, wakikugongea muhuri bila kuandika deti yoyote una miezi sita tangu siku uliyoingia, ila wakiandika deti hiyo ndiyo ya kufuata hata kama ni wiki tatu.

Kupitiliza nako kuna viwango, msichukulie kirahisi. Marekani ukizidisha hata siku moja juu ya deti ya I-94, ile viza uliyoingia nayo inakufa yenyewe, haijalishi stika inasema ina miaka mingapi. Ukizidisha zaidi ya siku 180 halafu ukatoka, umejifungia nje miaka mitatu, ukifika mwaka ni miaka kumi. Hiyo ni sheria ya 1996 na haijapunguzwa wala kuongezwa, ipo tu. Wale wa nchi zinazoingia bila viza kwa ESTA, kibali cha onlaini, wana siku 90 zisizoongezeka, na kukimbilia Mexico wikiendi moja kisha kurudi hakuwaanzishii hesabu upya, ingawa kila mwaka napata mtu anayeambiwa na rafiki yake kwamba inaanza upya.

Na Agosti 2025 Marekani ilianza majaribio ya dhamana, waliotangulia walikuwa raia wa Malawi na Zambia na nchi nyingine zikaongezwa baadaye, afisa wa ubalozi anaweza kukutaka uweke dola 5,000, 10,000 au 15,000 kabla ya kupewa viza ya B, ukitoka kwa wakati unarudishiwa. Hiyo nayo ni namna ya kubana siku bila kugusa namba, kila siku unayokaa una pesa iliyolala kwao.

Nimalizie na swali ambalo limekuja mara nyingi wiki hii: "nina viza ya miaka mitano, wakipunguza siku za kukaa, viza yangu inafutwa?" Hapana. Viza na siku ni vitu viwili, kanuni ya siku ikibadilika viza yako inaendelea kuishi, ila safari itakayofuata utapewa siku za kanuni mpya. Kama tiketi yako ya kurudi iko nje ya hizo siku, badilisha tiketi kabla hujapanda ndege, sio ukiwa mpakani, maana afisa akiona tiketi ya miezi mitano na kanuni ni ya siku 30 anaweza kudhani unapanga kupitiliza, na hapo hata hizo 30 unaweza usizipate.